Nyatiti na fidla: simfoni inayongojwa Nyanza Kusini

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi pale mjini Homa Bay hata tukashindwa kusikia jina la shule iliyoitwa. Wasichana wakapanda jukwaani kwa mstari, soksi zimevutwa hadi magotini, viatu vina tope la uwanjani. Kiongozi wao, kijana wa shati jeupe, akapuliza kifilimbi cha kutafutia noti, akanong'onezea kila kundi sauti yake ya kuanzia, kisha akainua mikono. Wakaimba kwa Kiingereza habari za mwezi wa Mei, jinsi vijana wa kiume wanavyotoka kwenda kucheza na wasichana wao kwenye majani mabichi.

Wimbo huo Thomas Morley aliuchapa London mwaka 1595. Hazikupita dakika kumi, wavulana wa shule nyingine wakaingia na orutu mbili, kisanduku cha nyangile, ngoma na ile pete ya chuma iitwayo ongeng'o. Wakapiga kipande ambacho mwalimu wao alikuwa amemaliza kukitunga juma lile lile. Kati ya kwaya ya kwanza na kundi la pili tulikuwa tumeruka zaidi ya miaka 400, na hakuna aliyeshtuka. Mama aliyeketi nyuma yangu aliendelea kumenya karanga.

Kwenye miji yenye okestra kubwa, mpango wa namna hii hutangazwa kwa mbwembwe: simfoni mpya, wino haujakauka, ikipigwa jioni moja na kazi za karne ya 16 na ya 17, na watu wakilipa kiingilio kwenda kusikia jambo geni. Hapa Homa Bay na kule Migori jambo hilo si geni hata kidogo. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mtoto yeyote aliyewahi kuimba katika kwaya ya shule anajua utaratibu wake. Kwanza unaimba wimbo wa lazima, ambao mara nyingi ni wa Mzungu aliyekufa zamani. Halafu unaleta wa kwenu, uliopangwa upya na mwalimu wako. Tatizo langu ni kwamba tumeviweka vitu hivi viwili kwenye jukwaa moja kwa karibu karne nzima bila kuvijulisha kimoja kwa kingine.

Nami nilisimama kwenye jukwaa kama hilo nikiwa kidato cha pili, nikiimba besi. Tulijifunza wimbo wa Mei kwa solfa iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao, d na r na m zimepangwa safu nne, na hatukuelewa furaha ile ilitoka wapi. Kwetu Mei ni matope na palizi. Mahindi yamefika kiunoni, magugu yamewazidi watu nguvu, na ukimwona kijana anaruka ruka majanini na msichana utamwuliza jembe lake liko wapi. Baadaye sana ndipo nilipong'amua kwamba kule Uingereza mwezi huo ndio baridi inaisha na maua yanatoka. Mwalimu wetu hakutuambia. Pengine naye hakuambiwa.

Ila kilichoniuma ni kitu kingine. Mwaka ule tulikuwa na mpiga nyatiti wa kweli, kijana wa kutoka upande wa Ndhiwa ambaye baba yake alikuwa jathum, mpigaji wa matanga na sherehe. Tulikuwa tumeunda wimbo ambao kwaya inaimba huku nyatiti ikitembea chini yake. Siku ya mazoezi ya mwisho kinanda kikaletwa. Mwalimu akabonyeza noti, akamwambia kijana akaze nyuzi zake zifuate. Kijana akakaza wa kwanza, akakaza wa pili. Wa tatu ukakatika na kumchapa kidoleni. Tukaenda mashindanoni na nyuzi saba, nyingine zikifuata kinanda na nyingine zikimfuata baba yake. Mwamuzi akaandika kwenye karatasi kwamba ala yetu ilikuwa imepotea sauti. Alikuwa sahihi, ila ala haikupotea yenyewe. Sisi ndio tuliipoteza.

Nimeirudia hadithi hiyo kwa sababu siku ya mvua Homa Bay nilikuwa nimeketi na mzee mmoja mwalimu mstaafu, nikamsimulia.

"Japuonj," nikamwuliza, "ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningezima kinanda, nyathina," akasema bila kunitazama. "Kwaya ina masikio. Kinanda hakina."

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi 8. Gogo lake huchongwa likawa kama bakuli, likafunikwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti ikasimama juu yake na kuunganishwa na mti wa tatu ambako nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi wa ziwani. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala karibu na ardhi. Mguuni amevaa njuga za gara, na kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga kwenye ukingo wa mbao. Kwa hiyo mtu mmoja ana nyuzi, ana ngoma, ana njuga na ana sauti yake ya kuimbia. Wazee husimulia kwamba nyuzi 4 ni za siku za mtoto kuzaliwa na 4 ni za siku za mtu kuzikwa. Katika Kidholuo neno thum ni ala hii na pia ni muziki wenyewe. Hawakuona haja ya maneno mawili.

Sasa twende Ulaya kidogo, kwani huko ndiko neno simfoni lilikotoka, na huko nako halikuwa na maana tunayoipa leo. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli wa Venice alichapisha mkusanyo aliouita simfoni takatifu. Alimaanisha tu sauti zinazolia pamoja, za waimbaji na za tarumbeta, kutoka roshani za kanisa zilizotazamana. Hakukuwa na watu 80 waliovaa suti nyeusi. Kila mji ulikuwa na kipimo chake cha noti, na fundi wa ogani wa mji huu hakuwa na sababu ya kukubaliana na wa mji ule. Nyuzi zilitengenezwa kwa matumbo ya kondoo. Aliyepiga aliongeza madoido yake mwenyewe, na mtunzi alitegemea kwamba ataongeza.

Huyo Morley wetu wa wimbo wa Mei alichapa mwaka 1599 kitabu cha vipande vya kupigwa na ala sita: tatu za kudonoa nyuzi, mbili za kupiga kwa upinde na filimbi moja. Hesabu hiyo niliisoma mara mbili. Ukimtoa mpiga ngoma, hilo ni kundi la orutu la mitaa ya Rongo. Nyatiti ya kudonoa, orutu ya upinde, na filimbi yetu iitwayo asili ya kupuliza. Ukubwa ni ule ule, sauti ni ndogo za kujaa chumba au boma, na kila ala ina rangi yake isiyofanana na ya jirani. Okestra ya Beethoven, iliyokuja miaka 200 baadaye, ilifanya kinyume: ilikusanya fidla nyingi zinazolia kama moja ili zijaze ukumbi mkubwa. Weka nyatiti mbele ya fidla 24 uone. Utaona mikono ya mpigaji inakwenda, husikii kitu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema simfoni ya kwanza ya Nyanza Kusini iandikwe kwa mfano wa zile kubwa za karne ya 19, ala zetu zipewe dakika mbili za kupamba katikati. Nimewahi kusikia kazi za namna hiyo. Orutu huingia kama mgeni wa heshima, inapigiwa makofi, inatolewa nje. Ala hizi zina majirani wa kweli katika muziki wa kale wa Ulaya, si wa baadaye, na anayetaka kutunga kitu kipya kwa ajili yake atajifunza zaidi kwa Gabrieli na Morley kuliko kwa wababe waliowafuata.

Na kuna Orfeo. Mwaka 1607 Claudio Monteverdi alionyesha mjini Mantua tamthilia ya kuimbwa kuhusu mwanamuziki aliyefiwa na mkewe, akashika kinubi chake akaenda kuzimu kuwabembeleza wenye nchi ile wamrudishie. Ni moja ya opera za mwanzo kabisa na bado inapigwa. Mjaluo hahitaji kuelezwa kisa hiki. Mpiga kinubi na matanga vinakwenda pamoja. Jathum huitwa msibani, huketi karibu na nyumba ya marehemu na kumtaja kwa jina, kwa ukoo na kwa vituko vyake. Ajabu ni kwamba Monteverdi, alipofika pale Orfeo anapomwimbia mlinzi wa mto wa kuzimu, ilibidi atumie fidla, baragumu za mbao na harpu ndefu ya kusimama. Kinubi cha kisa chenyewe hakikuwa tena mikononi mwa wanamuziki wake. Ulaya ilibaki nacho kwenye picha na sanamu. Migori na Homa Bay kipo, na anayekipiga anaweza kukupa namba ya simu umwite Ijumaa.

Migori ina zaidi ya hicho. Ukielekea Isebania na Kehancha, kwa Wakuria, kuna iritungu, kinubi kingine cha nyuzi 8 lakini kikubwa na kizito, chenye sauti nene inayovuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani kuna gari linanguruma nje. Hiyo ndiyo besi ya okestra yetu, na haihitaji mtu kuagiza besi ya mbao kutoka ng'ambo. Orutu nayo, kwa asiyeifahamu, ni zeze la uzi mmoja lililofunikwa ngozi ya kenge, upinde wake mfupi wa fito na nyuzi za katani. Kwa vile upinde ni mfupi, mpigaji hawezi kushika sauti moja kwa muda mrefu. Hukata kata, hurudia, hupanda na kushuka kama mtu anayebishana. Mtunzi asiyelijua hilo ataiandikia orutu noti ndefu za fidla, halafu atamlaumu mpigaji.

Ni kweli kwamba sauti nne za kwaya nazo si za kigeni tena huku. Mwishoni mwa mwaka 1906 mmisionari Mwadventista Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, na kutoka kilima kile Usabato ukaenea Nyanza Kusini yote. Ulikuja na nyimbo za kitabu na mitindo ya kuimba kwa soprano, alto, tena na besi. Leo Jumamosi asubuhi ukipita Oyugis au Awendo utasikia vijana wanne wanaimba bila ala yoyote, wamepatana hata unaweza kusimamisha pikipiki. Gharama yake ni kwamba nyatiti na orutu ziliachwa nje ya lango la kanisa, na mtoto aliyekulia ndani alifundishwa kwamba hizo ni za walevi. Kwa hiyo hapa tuna vipaji viwili vikubwa katika kijiji kimoja, na miaka zaidi ya mia moja havijakaa meza moja ila kwa dakika chache za mashindano ya shule.

Waliokwisha kukalisha pamoja ala ya kwetu na ya kigeni ni watu wa benga. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapiga gitaa wa Kijaluo walichukua midundo ya nyatiti wakaigawa: gitaa moja linaongoza, jingine linajibu, besi inaruka ruka mahali pa pete ya mguuni. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo kidogo tu ya mpaka kutoka Migori, aliipeleka kazi hiyo mbali akiwa na Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006. Kama kuigawia kundi zima sauti za ala moja si kazi ya mtunzi wa okestra, basi sijui ni kazi gani. Hata jina hatukulikosa: bendi za kwetu na za Wakongo waliohamia Nairobi zilijiita Orchestra bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ayub Ogada alikwenda njia nyingine. Aliacha umeme, akashika nyatiti na sauti yake, na wimbo wake Kothbiro, yaani mvua yaja, ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Watu wa mabara yote waliusikia. Huo ndio wimbo wetu wa Mei, nami ningefurahi siku moja kuuona umewekwa kwenye programu kando ya ule wa Morley: mmoja unafurahia jua, mwingine unasubiri mawingu, na mwamuzi asimame aeleze kwa nini.

Serikali nayo iliwahi kuelezwa habari za muziki huu. Mwanamuziki na msomi Washington Omondi alikuwa mmoja wa kamati ndogo iliyotengeneza wimbo wa taifa mwaka 1963, waliochukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto wakaupanga ukafaa kwaya na bendi. Mwaka 1980 alimaliza Chuo Kikuu cha London tasnifu yake kuhusu thum ya Wajaluo, akichambua nyuzi zile 8 kwa umakini ambao Ulaya huwapa watunzi wake. Mwaka 1984 ikatoka ripoti ya Tume ya Rais ya Muziki aliyoiongoza. Tarehe 1 Juni 2025, Sikukuu ya Madaraka ilipofanyika Homa Bay, bendi za majeshi zilipiga wimbo huo wa taifa katika uwanja wa michezo mjini, na ziwa liko pale chini. Umati ulisimama wima kwa wimbo wa kulaza mtoto wa Mto Tana. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu waliopewa kazi walijua pande zote mbili.

Sehemu ya kupigia ipo pia, na hapa naomba msomaji anivumilie kwani ni ndoto yangu ya siku nyingi. Kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga. Zilijengwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji, inakadiriwa katika karne ya 16. Jamii kadhaa zikapokezana kuishi humo, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukuta mahali pengine unafika mita 4 na zaidi. Milango ni mifupi, lazima uiname kuingia, hata uwe nani. Nilipoingia mara ya mwisho, mlinzi alikuwa peke yake na redio yake ndogo, benga inalia. Kuta hizi na wimbo wa Morley ni watu wa rika moja. Sisemi mawe yana mwangwi mzuri au mbaya, sijapima. Nasema tamasha la kazi za kale na simfoni mpya lingepata hapo kitu ambacho ukumbi wa Nairobi hauna: upande wetu wa karne ile ile, umesimama.

Sidai okestra nzima ije kutoka Nairobi. Chuo cha muziki cha Conservatoire kipo huko tangu mwaka 1944, na watoto wa Korogocho wamekuwa wakifundishwa fidla na tarumbeta na Ghetto Classics tangu 2008, hongera kwao. Lakini ni safari ya siku nzima kwa basi, na ala hazipendi vumbi. Kwa kuanzia zinatosha fidla nne, selo mbili, filimbi, kwaya moja nzuri ya shule, nyatiti mbili, orutu mbili na iritungu kutoka Kehancha. Kundi kama hilo Gabrieli asingeliona dogo.

Kisha liwepo jambo moja ambalo ukumbi wa Ulaya hauliruhusu. Kwetu mtu anaweza kusimama katikati ya muziki, akatoa noti ya shilingi mia mbili, muziki ukanyamaza naye akajisifu na kuwasifu watu wake; hiyo ni pakruok. Mtunzi atakayeandika simfoni ya Migori na Homa Bay bila kuacha nafasi hiyo atashangaa, kwani watu watasimama tu. Bora aiandike: hapa mnyamaze, mtu aseme, mwendelee.

Tangu Januari 2026 shule za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo, na wapo walimu wa muziki katika kaunti hizi mbili ambao sasa wana wanafunzi, wana vipindi kwenye ratiba, lakini hawana ala. Kaunti zinazonunua jezi za mpira na hema za mikutano zinaweza kumlipa fundi wa nyatiti kutoka wadi jirani. Kwa mwalimu anayeandaa kwaya yake ya mwaka huu nina ombi dogo zaidi. Kabla hujafungua kinanda kutafuta noti ya kuanzia, mwombe mpiga nyatiti adonoe uzi wake wa kwanza, na kwaya yote ianzie hapo, wimbo wa Morley ukiwemo.